Mwendo wa Kompyuta Uko kwenye Kumbukumbu



Mtu akienda dukani kununua kompyuta, mazungumzo huanzia kwenye kichakataji. Ni kizazi cha ngapi? Kina gigahezi ngapi? Kina viini vingapi? Muuzaji naye amezoea kulipanga tangazo lake kwa utaratibu huohuo, na bei hufuata. Sisemi kwamba maswali hayo hayana maana. Ninachosema ni kwamba yametangulizwa mbele ya swali lililo zito kuliko yote hayo, nalo ni hili: data inakaa wapi, na inachukua muda gani kufika kwenye kichakataji? Hoja yangu leo ni moja. Katika kompyuta za zama hizi, kukokotoa kumekuwa jambo jepesi na la bei ndogo, ilhali kusafirisha data kumebaki kugumu na kwa gharama kubwa. Kwa hiyo anayetaka kuielewa mashine, kuinunua kwa busara au kuiandikia programu nzuri, aanze na kumbukumbu, kisha ndipo aje kwenye kichakataji.

Historia yenyewe inatuonyesha kwamba mambo yalianza hivyo. ENIAC, mashine iliyojengwa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani na kuonyeshwa kwa umma Februari 1946, ilikuwa na valvu za kielektroniki zipatazo 18,000 na ilikokotoa kwa kasi ambayo watu wa wakati ule hawakuwahi kuiona. Lakini kuipa kazi mpya kulimaanisha kuchomoa na kuchomeka nyaya na kugeuza swichi, shughuli ambayo ingeweza kula siku kadhaa kwa ajili ya hesabu ambayo mashine ingeimaliza kwa muda mfupi tu. Dawa ya tatizo hilo iliandikwa katika rasimu ya ripoti kuhusu mashine iliyoitwa EDVAC, ya tarehe 30 Juni 1945. Rasimu ilitoka kwa jina la John von Neumann peke yake, jambo lililoleta manung'uniko, kwa kuwa J. Presper Eckert na John Mauchly, wabunifu wa ENIAC, walikuwa wameshiriki katika mawazo hayo. Wazo kuu lilikuwa kwamba maagizo ya programu yaandikwe kwa namba na kuwekwa katika kumbukumbu ileile inayotunza data. Kubadilisha kazi kukawa ni kubadilisha yaliyomo kwenye kumbukumbu, bila kugusa waya hata mmoja.

Basi kikwazo kikawa ni kuipata kumbukumbu hiyo. Katika Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, Freddie Williams na Tom Kilburn walibuni njia ya kuhifadhi biti kama chaji za umeme kwenye kioo cha bomba linalofanana na la televisheni za zamani. Ili kuijaribu, waliunda mashine ndogo iliyokuja kuitwa Baby, nayo tarehe 21 Juni 1948 ikaendesha programu iliyohifadhiwa ndani yake, ya kwanza duniani ya aina hiyo. Kumbukumbu yake ilikuwa na maneno 32 ya biti 32 kila moja, yaani baiti 128 tu, na ilihangaika na hesabu yake ya kwanza kwa dakika 52. La kuzingatia ni kwamba mashine hiyo iliundwa ili kupima kama kumbukumbu inafaa. Ukokotoaji ulikuwa chombo cha jaribio, na kumbukumbu ndiyo iliyokuwa ikijaribiwa.

Mpango ule wa 1945 ndio tunaoutumia mpaka leo, kwenye seva na kwenye simu iliyo mfukoni mwako. Kichakataji huleta agizo kutoka kwenye kumbukumbu, hulifasiri, hulitekeleza, kisha hulifuata lingine. Chukua kazi ndogo ya kujumlisha namba mbili na kuhifadhi jibu. Agizo la kwanza linaleta namba moja kutoka kwenye anwani yake na kuiweka kwenye rejista, ambayo ni sehemu ndogo ya kuhifadhia iliyo ndani kabisa ya kichakataji. La pili linaleta namba nyingine. La tatu linajumlisha. La nne linapeleka jibu kwenye kumbukumbu. Kati ya maagizo manne, matatu ni ya uchukuzi, na bado hayo manne yenyewe yalilazimika kuletwa. John Backus, aliyeongoza uundaji wa lugha ya Fortran, alilalamikia hali hiyo katika mhadhara wake wa Tuzo ya Turing mwaka 1977: kwamba kompyuta nzima hulazimika kupitisha kila kitu kwenye njia nyembamba iliyo kati ya kichakataji na kumbukumbu, neno moja baada ya jingine.

Njia hiyo isingekuwa tatizo kubwa kama kumbukumbu ingekwenda sambamba na kichakataji. Haiendi, na sababu iko kwenye maumbile yake. Kumbukumbu kuu ya kompyuta, tunayoiita RAM, imejengwa kwa ubunifu wa Robert Dennard wa kampuni ya IBM, uliopewa hataza mwaka 1968: biti moja inatunzwa na transista moja na kapasita moja. Kapasita ikiwa na chaji ni 1, ikiwa haina ni 0. Ubunifu huo unakula nafasi ndogo mno, ndiyo maana leo tunaweza kupata gigabaiti 8 kwenye kibao kinachoenea kiganjani. Lakini kapasita hizo huvuja, kwa hiyo lazima zote zisomwe na kujazwa upya, kwa kawaida kila baada ya milisekunde 64, hata kama hakuna anayezitumia. Isitoshe, kuisoma biti kunaimwaga chaji yake. Ndiyo sababu mashine huufungua mstari mzima wa seli, hukuza chaji dhaifu zilizomo, huchukua inachohitaji, halafu huuandika mstari ule upya. Shughuli yote hiyo, pamoja na safari ya kwenda na kurudi, huchukua takriban nanosekunde 80.

Nanosekunde 80 zinasikika kama si chochote. Hebu tuzipime kwa saa ya kichakataji. Kichakataji cha gigahezi 3 hupiga mapigo bilioni 3 kwa sekunde. Tulikuze pigo moja liwe sekunde nzima. Kwa kipimo hicho, data iliyo kwenye rejista iko tayari papo hapo; iliyo katika kache ya kwanza, ile kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya chipu, huja baada ya sekunde 4 au 5; iliyo katika kache ya pili, baada ya sekunde kama 14; iliyo katika RAM, baada ya dakika 4. Iliyo kwenye diski ya SSD, ambayo husomwa kwa takriban mikrosekunde 100, hufika baada ya siku tatu na nusu. Iliyo kwenye diski kuu ya kuzunguka, ambayo kichwa chake cha kusomea kinaweza kuhitaji milisekunde 10 kufika mahali pake, hufika baada ya siku 347, karibu mwaka. Na kichakataji cha leo kinaweza kutekeleza maagizo manne au zaidi kwa pigo moja. Kukisimamisha kwa nanosekunde 80 ni kukinyima nafasi ya kufanya maagizo karibu elfu moja.

Pengo hili lilitanuka kidogokidogo. Kuanzia miaka ya 1980 kasi ya vichakataji ilipaa mwaka hadi mwaka, ilhali muda wa kuisubiri RAM ulipungua kwa kusuasua. RAM iliongezeka ukubwa, lakini wepesi wa kujibu haukuongezeka kwa kiasi hicho. Mwaka 1995 William Wulf na Sally McKee wa Chuo Kikuu cha Virginia walichapisha makala fupi wakionya kwamba tunaelekea kugonga ukuta: itafika siku ambapo kuongeza kasi ya kichakataji hakutaongeza chochote, kwa kuwa muda wote utaishia kwenye kungoja. Kilichotuvusha ni kache. Maurice Wilkes wa Cambridge aliieleza mwaka 1965, na IBM wakaiweka kwenye mashine ya biashara, System/360 Model 85, iliyotangazwa mwaka 1968. Ilipofika 1989, kichakataji cha Intel 80486 kilibeba kilobaiti 8 za kache ndani ya chipu yenyewe. Siku hizi kache hupimwa kwa megabaiti na huchukua eneo kubwa la chipu. Maana yake ni kwamba wabunifu wa vichakataji, watu wanaolipwa ili kuongeza kasi, wametoa sehemu kubwa ya ardhi yao ya thamani kwa ajili ya kumbukumbu. Hawakuzigawa transista hizo kwa mashine za kujumlisha na kuzidisha, na uamuzi wao ni ushahidi tosha.

Hapa huinuka pingamizi la kwanza, nalo lina nguvu. Kama kache ipo, na inafanya kazi yake bila kuombwa, mwandishi wa programu anahangaikia nini? Jibu ni kwamba kache haina uchawi; inaishi kwa mazoea mawili. La kwanza, data iliyotumika sasa hivi huenda ikatumika tena punde. La pili, ikitumika baiti moja, majirani zake huenda wakatakiwa pia. Kwa sababu hiyo data haiji baiti moja moja. Huja kwa mafungu, na fungu la kawaida ni baiti 64. Programu inayoyaheshimu mazoea hayo hubebwa. Inayoyapuuza hulipa faini kwa kila hatua.

Tuitazame faini hiyo kwa karibu. Shirika la umeme lina wateja 100,000, na kwa kila mteja limehifadhi matumizi ya siku 1,000, kila namba ikichukua baiti 8. Jedwali lote ni namba milioni 100, sawa na megabaiti 800, na limepangwa ili siku zote za mteja mmoja zifuatane. Tunataka jumla kuu. Programu ya kwanza inakwenda mteja kwa mteja. Kila fungu la baiti 64 linaleta namba 8, zote zinajumlishwa, kisha fungu linalofuata linaletwa: jumla mafungu milioni 12.5. Programu ya pili inakwenda siku kwa siku, ikichukua siku ya kwanza ya wateja wote, halafu ya pili, na kuendelea. Hapo namba moja na inayofuata zimepishana baiti 8,000. Kila namba inaleta fungu lake, na namba 7 zilizokuja nalo zinakaa bila kazi. Kumaliza siku moja kunagusa mafungu 100,000, yaani megabaiti 6.4, wakati kache ya kwanza ya kilobaiti 32 inabeba mafungu 512 tu. Tukirudi kwa mteja wa kwanza kuchukua siku yake ya pili, fungu lake limeshatupwa nje, na lazima lifuatwe tena. Kache kubwa za ngazi zinazofuata zinaweza kuyanusuru baadhi, lakini nazo ziko mbali zaidi. Katika hali mbaya, mafungu yanayosafirishwa hufika milioni 100, mara nane ya yale ya mwanzo. Programu zote mbili zina idadi ileile ya kujumlisha, zinatoa jibu lilelile, na zinatofautiana kwa kubadilishana nafasi mistari miwili tu. Mtu anayehesabu ukokotoaji peke yake ataapa kwamba ni sawa.

Kama bado kuna anayeamini kwamba kache ni siri ya ndani isiyotuhusu, akumbuke Januari 2018, zilipotangazwa kasoro za Meltdown na Spectre. Ili kisikae bure kikisubiri data, kichakataji hubahatisha njia ambayo programu itafuata na kutangulia na kazi. Kikigundua kimekosea, hutupa matokeo. Watafiti walionyesha kwamba matokeo hutupwa lakini alama hubaki kwenye kache: data iliyoguswa katika kubahatisha kule hujibu haraka, isiyoguswa huchelewa. Kwa kupima tofauti hiyo ya muda, programu ya mvamizi iliweza kuzing'amua siri ambazo haikuruhusiwa kuzisoma. Marekebisho yaliyofuata yalipunguza kasi ya baadhi ya kazi. Umbali kati ya kichakataji na kumbukumbu, uliodhaniwa kuwa suala la wahandisi, ukawa suala la usalama wa kila benki na kila hospitali yenye kompyuta.

Pingamizi la pili linasema: viongezwe viini, yaani vitengo vya kukokotoa ndani ya chipu moja. Kweli, ndiyo njia iliyofuatwa. Mwaka 2004 kichakataji cha Pentium 4 kilifika gigahezi 3.8, na hapo joto likawashinda wahandisi. Kanuni aliyoieleza Dennard huyohuyo mwaka 1974, kwamba transista zikipunguzwa ukubwa hupunguza pia matumizi ya umeme kwa uwiano uleule, ikaacha kufanya kazi. Tangu hapo mapigo ya saa yamepanda kwa unyonge, na viini vikaongezeka. Lakini viini vinane ndani ya chipu moja vinachangia njia ileile ya kwenda kwenye RAM. Ikiwa kiini kimoja kinachosoma data mfululizo kinaweza kutumia sehemu kubwa ya njia hiyo, vinane vitaishia kupanga foleni. Tena, kila kiini kina kache yake, kwa hiyo kimoja kikibadilisha namba, nakala zilizoko kwa wenzake lazima zibatilishwe, na huo nao ni usafirishaji. Juu ya hayo kuna kanuni ya Gene Amdahl ya mwaka 1967: sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoweka kikomo, hata ukiongeza watenda kazi wangapi.

La tatu ni swali la mwanafunzi mwerevu: kwa nini RAM yote isijengwe kama kache? Seli ya kache kwa kawaida hutumia transista sita badala ya transista moja na kapasita moja. Hula nafasi kubwa zaidi, na bei yake kwa biti ni ya juu sana. Hata tukijaliwa fedha, ukubwa wenyewe unaleta ucheleweshaji. Mwanga hutembea takriban sentimita 30 kwa nanosekunde, yaani sentimita 10 kwa pigo moja la gigahezi 3, na ishara kwenye nyaya za chipu huenda polepole kuliko hapo. Kumbukumbu ikipanuka, nyaya zake hurefuka, na kuchagua seli moja kati ya mabilioni kunachukua muda. Kwa hiyo kumbukumbu kubwa iliyo na kasi ya kumbukumbu ndogo haipatikani kwa bei yoyote. Ngazi hizi, kutoka rejista hadi diski, zimewekwa na maumbile ya vitu, na wabunifu wamezipanga kadiri walivyoweza.

Haki inanitaka nikiri kwamba ziko kazi ambazo kukokotoa ndiko kunakozielemea. Kusimba ujumbe kwa siri ni mojawapo, na kubana video ni nyingine. Kuzidisha matriki kubwa ni mfano bora: matriki mbili za safu 1,000 kwa 1,000 zina namba milioni 2, lakini kuzizidisha kunadai kuzidisha mara bilioni moja. Kila namba hutumika mara 1,000, kwa hiyo gharama ya kuileta inagawanywa. Hata hivyo, faida hiyo haiji yenyewe. Ukiandika kazi hiyo kwa njia ya moja kwa moja ya darasani, namba zitaingia na kutoka kwenye kache ovyo. Maktaba za programu zinazoaminika kwa kazi hii huikata matriki vipande vinavyotosha ndani ya kache, na kukimaliza kila kipande kabla ya kukiachia. Kukokotoa kunakuwa mfalme pale tu kumbukumbu ilipokwisha kutunzwa.

Ushahidi wa karibuni unatoka kwenye akili mnemba. Modeli ya lugha yenye vigezo bilioni 7, kila kimoja kikichukua baiti 2, ni gigabaiti 14. Ili imtolee mtumiaji mmoja kipande kimoja cha neno, mashine hulazimika kuvipitia karibu vigezo vyote. Kompyuta mpakato yenye vibao viwili vya RAM aina ya DDR4-3200 ina njia ya gigabaiti 51.2 kwa sekunde. Gawanya: haiwezi kufika vipande 4 kwa sekunde, hata ikiwekewa kichakataji cha namna gani. Chipu ya seva ya Nvidia H100, ambayo kumbukumbu yake imerundikwa kwa tabaka kandokando ya kichakataji, ina njia inayozidi terabaiti 3 kwa sekunde, na kwa hesabu hiyohiyo kikomo chake kinapita 200. Wasio na chipu hiyo hufanya jambo la kufundisha: huvipunguza vigezo hadi nusu baiti kila kimoja. Gigabaiti 14 zinakuwa 3.5, na kasi hupanda karibu mara nne, bila kuongeza uwezo wa kukokotoa hata chembe. Wamepunguza mzigo wa kusafirisha.

Atakuwapo atakayesema kwamba haya ni ya wanaounda chipu, na sisi hununua mashine zilizokwisha kuundwa. Nasema anayenunua ndiye anayehitaji elimu hii zaidi, kwa kuwa hela yake ni ya kupimia. Fundi wa mtaani anaijua nusu ya mhadhara huu kwa mikono yake: kompyuta ikiwa nzito, huacha kichakataji kilekile, huondoa diski ya kuzunguka na kuweka SSD, au huongeza RAM, na mteja huondoka akidhani kapewa mashine mpya. Sababu tumeiona. RAM ikijaa, mfumo huanza kuhamishia kurasa za kumbukumbu kwenye diski, na dakika 4 zetu zinageuka kuwa mwaka. Vivyo hivyo kwenye simu yenye RAM ndogo: programu uliyoiacha nyuma huuawa ili kupata nafasi, na ukiirudia huanza upya. Kibao kimoja cha gigabaiti 8 na viwili vya gigabaiti 4 vina ukubwa sawa, lakini kwenye mashine yenye njia mbili za kwenda kwenye RAM, viwili vinampa mnunuzi upana maradufu.

Kwa vyuo vyetu pendekezo langu ni la wazi. Mwanafunzi wa programu asingoje mwaka wa mwisho ndipo asikie habari za kache. Afundishwe kuhesabu mafungu yanayosafirishwa siku ileile anayofundishwa kuhesabu hatua za kukokotoa, na mtihani umuulize yote mawili. Atakayehitimu bila hesabu hiyo ataandika mifumo inayodai seva kubwa zaidi kila mwaka, na waajiri wake watalipia gigahezi ambazo kazi yake ni kusubiri. Atakayeijua ataweza kuitumia mashine ya kawaida aliyonayo hadi mwisho wa uwezo wake. Fedha tunayoiokoa hapo ni fedha halisi, na hakuna kiwanda cha chipu tunachohitaji kujenga ili kuipata.